Jeti tatu za hita ya mzee Rudy

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumanne. Jua halijatoka, na baridi imeshuka hadi nyuzi ishirini na moja chini ya sifuri. Ndani ya gereji ya mzee Rudy Savela, fundi gesi Marlys Kotila amesimama juu ya ngazi, kichwa amekiingiza nusu ndani ya hita inayoning'inia darini, tochi kaing'ata kwa meno.

"Mzee Rudy," anaita bila kugeuka, tochi bado mdomoni. "Hii uliiwasha?"

Mzee anajikuna kidevu. "Kidogo."

"Kidogo ndiyo ngapi?"

"Dakika mbili. Moto ukatoka mrefu hivi," anaonyesha kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, "tena wa njano. Nikazima."

Marlys anaitoa tochi mdomoni. "Shukuru nyusi bado unazo."

Wazee wawili waliokaa karibu na dirisha wanaangua kicheko. Mmoja ni Elwood Harju, dereva wa malori mstaafu, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani. Wa pili ni Norm LaBelle, aliyekata magogo maisha yake yote na sasa kazi yake ni kumcheka kila mtu. Kila asubuhi wako hapa, makoti hawajavua, wanakunywa kahawa na mkate wa iliki huku mzee Rudy akitengeneza misumeno ya injini na pikipiki za theluji za kijiji kizima cha Salmela.

Marlys ana umri wa miaka sitini na moja. Ni mfupi, mabega mapana, na ana kofia nyekundu ya sufu ambayo majirani wanaapa hulala nayo. Huu ni mwaka wake wa ishirini na sita akifunga na kutengeneza hita za gesi katika vijiji hivi vya kaskazini ya Michigan, kando ya Ziwa Superior. Kampuni humlipa dola thelathini na moja kwa saa. Magoti yake mawili, anasema, yameshaacha kazi zamani, yeye tu ndiye hajaacha.

Bosi wake ana lalamiko moja tu juu yake. Marlys akimaliza kufunga hita, haondoki. Anaketi chini yake dakika arobaini nzima, kengele ya kupima hewa ya sumu iko magotini, anatazama moto. Wenzake wakiwa wameshafika kwa mteja wa pili, yeye bado amekaa tu.

"Nakaa kwa sababu nataka kukaa," hujibu akiulizwa, na hapo mazungumzo huishia.

Hita ya mzee Rudy ina historia yake. Miaka yote gereji hii ilipashwa moto na jiko la kuni. Mwezi Novemba mzee, ambaye ana miaka sabini na minne, aliteleza kwenye barafu akiwa amekumbatia kuni, akavunjika kifundo cha mkono. Binti yake wa pekee, Janine, anaishi Milwaukee, mwendo wa saa sita kwa gari. Alikuja, akaona bendeji, akaona rundo la kuni limezikwa na theluji, akalia, kisha akatoa amri.

"Ameniambia hivi," anaeleza mzee Rudy. "Baba, kuni basi. Ama gereji iwe na moto wa kuwasha kwa kitufe, ama unahamia kwangu. Anakuja Jumamosi hii kukagua. Na kwake ni ghorofa ya tisa! Ghorofa ya tisa nitatengeneza nini mimi, lifti?"

Anacheka, lakini macho hayacheki. Bila joto vidole vyake vinakakamaa, hawezi kushika spana. Na mke alishafariki, hivyo bila gereji atabaki na nyumba ya vyumba vitatu na saa ya ukutani.

Basi gereji ya mabasi ya shule ilipouzwa huko mjini, mzee akanunua hita kuukuu kwa dola sitini, akaitundika kwa mkono mmoja akisaidiwa na Norm, akaiunganisha na tangi lililoko uani. Alichosahau ni kwamba mjini gesi inakuja kwa bomba chini ya ardhi, na ile ni gesi asilia. Salmela hakuna bomba. Kila nyumba ina tangi lake jeupe la propani, linajazwa na lori.

"Watu wanadhani gesi ni gesi," anasema Marlys akishuka ngazi, kipandio kimoja kwa pumzi moja. "Propani ina nguvu mara mbili na nusu ya ile ya bomba. Ukiipitisha kwenye tundu lile lile, unalisha moto chakula cha watu watatu. Hauwezi kukimaliza. Unatoa masizi, na ile hewa mbaya."

Hewa mbaya anayoisema ni ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Haina harufu, haina rangi.

Dawa yake si ngumu. Hita hii ina jeti tatu, vijipande vya shaba vidogo kuliko kidole cha mtoto, kila kimoja na tundu katikati ambamo gesi inapita. Unazitoa, unaweka zenye tundu dogo zaidi. Kisha unafungua vali na kubadilisha springi, maana propani inataka msukumo mkubwa zaidi. Unapima, unabandika karatasi inayosema hita imebadilishwa lini na nani. Kwa Marlys ni kazi ya saa mbili, ukiacha zile dakika arobaini.

Tatizo ni vifaa. Anampigia simu wakala wa vipuri, anaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mfano huo kiwanda kiliacha kuutengeneza miaka tisa iliyopita, mama," sauti ya kijana inasema. "Seti yake ya propani haipo popote. Labda ununue hita mpya."

Hita mpya ni dola elfu moja na mia mbili, na kwa msimu huu inachukua wiki tatu kufika. Mzee Rudy hana hizo fedha, wala hizo wiki. Leo ni Jumanne.

 Elwood ndiye wa kwanza kusema, kama kawaida.

"Sasa shida iko wapi, fundi? Ziba hizo jeti kwa lehemu, halafu toboa upya na keekee ndogo. Wazee walifanya hivyo."

"Sitoboi."

"Dakika kumi tu!"

"Elwood, nimesema sitoboi."

"Basi toboa vizuri," Elwood anamchokoza, anamkonyeza Norm. "Usifanye kama Waino tu!"

Norm anacheka hadi kahawa inamwagika gotini. Mzee Rudy hacheki. Anageuka, anaanza kupanga misumari ambayo tayari imepangwa.

Hapa Salmela, mtu akiharibu kazi, huambiwa amefanya kama Waino. Ukipaka rangi mlango ukagoma kufunguka, umefanya kama Waino. Mke akiunguza mkate, ndiyo hivyo hivyo. Watoto wa shule wanalisema neno hilo bila kujua Waino alikuwa nani. Alikuwa Waino Kotila, seremala, baba yake Marlys. Kijiji chote kinajua kwamba miaka ishirini na miwili iliyopita alitoboa jeti za hita yake mwenyewe, akaiwasha, akakutwa amelala kifudifudi kati ya maranda. Aliyemkuta na kumburuta hadi kwenye theluji ni Rudy Savela, alikuwa amepitia kunywa kahawa. Waino alilazwa siku tatu. Alipona, ila mkono wa kulia ulibaki ukitetemeka, na useremala ukaishia hapo. Alifariki miaka sita iliyopita, kwa maradhi mengine.

Marlys anaiweka tochi mezani taratibu. Anavua kofia. Nywele zake ni nyeupe kabisa, na kwa namna Norm anavyozitazama, hata yeye hajawahi kuziona.

"Lile tobo halikuwa la baba," anasema. "Lilikuwa langu."

"Tobo lipi?" anauliza Elwood, bado ana tabasamu.

"La hita. Baba hakushika keekee siku ile. Nilishika mimi. Nilikuwa na leseni miaka minne, najiona nimeshamaliza kujifunza. Seti ilikuwa njiani, tungengoja siku kumi. Baba alikuwa na kabati la harusi la watu anataka kulimaliza. Nikamwambia, ngoja nikufanyie sasa hivi. Nikatoboa. Moja ikaenda upande. Niliona moto una njano pembeni, nikasema utatulia wenyewe. Nikaenda zangu kwa mteja."

Norm anakiweka kikombe chini.

"Alipozinduka hospitali, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, nyamaza. Akawaambia wote katoboa mwenyewe. Kwa sababu ya leseni yangu. Mkono ule hakushika tena randa, Elwood. Na mimi nikanyamaza. Miaka ishirini na miwili nawasikia mnasema kama Waino, kama Waino, na nanyamaza."

Elwood amekuwa mwekundu hadi masikioni.  

Marlys anamgeukia mwandishi wa makala haya, ambaye alikuja kuandika habari za fundi mwanamke katika majira ya baridi na sasa hajui atazame daftari au sakafu.

"Andika," anamwambia. "Na jina langu liandike lote. Nimechoka."

Kisha anavaa kofia yake, anabeba sanduku la spana, anatoka. Mlangoni anamwambia mzee Rudy neno moja tu: "Alhamisi."

Alhamisi ya nini? Hata mzee Rudy hakuelewa.

Jumatano asubuhi tunamkuta Marlys kwenye gereji ya nyumba ya marehemu baba yake, ambako anaishi peke yake. Meza ya useremala bado iko pale. Darini inaning'inia hita ya bati, ina kutu kidogo kwenye pembe.

"Jana nilipomulika ile ya mzee Rudy nikaijua," anasema. "Ile gereji ya mabasi ilikuwa na nne zinazofanana. Baba alichukua moja walipopunguza, miaka hiyo. Hii hapa ni dada yake."

Baada ya ajali, seti ya kiwanda ilipofika, Marlys aliifunga kwa mikono yake, akilia, anasema, tangu jeti ya kwanza hadi ya tatu. Baba yake akaja kuwasha mwenyewe. Akakaa chini ya ile hita, akamwambia binti yake akae naye. Walikaa dakika arobaini, wakitazama moto wa bluu. Tangu siku hiyo Marlys hakai pungufu ya dakika hizo arobaini kwa mteja yeyote.

Jeti sahihi, basi, zimekuwa juu ya kichwa chake siku zote.

"Tangu baba afariki sijaiwasha. Sikutaka kuigusa, na sikutaka mtu aniulize mbona siigusi."

Kabla ya kupanda ngazi anapiga simu mbili. Ya kwanza kwa kiwanda, anasoma namba za vibandiko vyote viwili, herufi kwa herufi, hadi mtu wa upande wa pili anathibitisha kwamba vifaa vya hita moja vinaingia kwenye nyingine. Simu ya pili ni kwa bosi wake. Anatoka nje kuipiga. Dirishani anaonekana akitembea huku na huku kwenye theluji, mkono mmoja kichwani.

Anarudi macho mekundu, labda ni baridi.

"Nimemwambia yote, asije akayasoma gazetini.  Akasema kama kuna wa kuniuliza, wataniuliza, na nitajibu. Na nimalize kazi ya mzee Rudy."

Anatoa jeti moja moja, anazifuta kwa kitambaa, anazitazama kwenye mwanga. Anafungua vali na kutoa springi. Hita ya baba inabaki tupu. Anaipigapiga ubavuni kwa kiganja, mara mbili.

Alhamisi kazi inafanyika bila mbwembwe. Wazee wako viti vyao, lakini leo hata Norm anaongea chini chini. Marlys anafunga gesi, anatoa jeti za zamani, anaweka za baba yake. Springi inaingia. Kisha anapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha bomba alilounganisha mzee Rudy. Kwenye cha nne, mapovu yanachipuka.

"Hiki ulikifunga kwa spana au kwa maombi?"

"Nilikuwa na mkono mmoja, mwanangu!"

"Mkono mmoja na akili nusu."

Anafunga upya, anapaka tena, mapovu hayatoki. Kutoka ndani ya koti anachomoa geji yake, mpira mwembamba uliopindwa wenye maji ya bluu. Huibeba kifuani ili isigande. Anaiunganisha na vali, anawasha. Maji yanapanda upande mmoja: inchi nane, tisa. Anazungusha skrubu kwa uangalifu mkubwa, hadi tofauti ya maji inasoma inchi kumi kamili.

Ndani ya hita, ndimi tatu za moto zimesimama. Ni za bluu, fupi, hazitikisiki.

Jeti za zamani na springi yake anazitia kwenye kifuko cha plastiki, anakifunga kwa waya ubavuni mwa hita. Huu ni utaratibu wa mafundi wa huku, kwani hakuna anayejua hita itaishia wapi, na mwenye kuirudisha kwenye gesi ya bomba asihangaike. Anabandika karatasi ya njano, anaandika tarehe na jina: Marlys Kotila. Anaandika kwa herufi kubwa.

Halafu anavuta ndoo, anaketi chini ya hita, kengele magotini. Safari hii mzee Rudy anavuta ndoo yake, anaketi kando.

Zinapita dakika kama kumi.

"Nilijua," anasema mzee Rudy.

Marlys hageuki. "Ulijua nini?"

"Siku ile nilipomtoa, nilirudi kuzima gesi. Keekee ilikuwa mezani, nyembamba kama sindano ya kushonea. Waino hakuwa na keekee ya namna hiyo, na vile vidole vyake visingeweza hata kuiokota. Nikaitia mfukoni. Ipo kwenye droo ile pale."

"Miaka yote hii, mzee Rudy?"

"Baba yako aliniangalia hospitali, akatikisa kichwa hivi. Nikajua anataka nini. Ila sikuwahi kucheka, mwanangu. Wewe mwenyewe shahidi. Sikuwahi kucheka."

Marlys analia waziwazi, bila kujificha, kofia ameikunja mikononi. Mzee Rudy anamwacha alie. Kengele magotini inasoma sifuri, na dakika thelathini baadaye bado ni sifuri.

Jumamosi, saa saba mchana, gari la Janine linaingia uani. Kwenye kiti cha nyuma kuna maboksi matupu ya kuhamishia vitu, yamekunjwa na kufungwa kwa kamba, kama kumi na tano hivi. Mzee Rudy anayaona kupitia dirisha. 

Janine anaingia akiwa na koti zito hadi magotini. Anamsalimia baba yake, anaangalia juu, anausoma ule moto, anaisoma karatasi ya njano.

"Kuzima je?" anauliza.

"Kitufe hiki. Kuwasha hiki," anasema Marlys. "Na kengele ile ukutani ikilia, anatoka nje kabla ya kutafuta viatu. Nimemwapisha."

Janine anazunguka gereji nzima. Anapapasa ukuta, meza, spana. Anasimama mbele ya baba yake, ambaye ameshika kabureta ya pikipiki ya theluji kwa vidole vilivyolegea, vinafanya kazi. Kisha anaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, analivua, analitundika kwenye msumari.

"Kuna kahawa humu?" anauliza.

Mzee Rudy anaenda mwenyewe kuyatoa maboksi garini. Anayatandika chini ya pikipiki ya theluji ili sakafu isilowe oili.

Mwezi Machi Marlys atarudisha gari la kampuni na kustaafu. Hita ya baba yake haina jeti sasa, na hana haraka ya kuitafutia nyingine. Mpango wake ni kuihamishia meza ya useremala hapa kwa mzee Rudy, kwenye kona ya dirisha, na kumaliza kabati moja ambalo baba yake aliliacha bila milango. Useremala hajui sana, anakiri. Atajifunza.

"Na jambo moja tu nataka kwa hawa," anasema, akiwanyooshea kidole wazee wawili. "Jina la baba yangu waliache. Mtu akiharibu kazi Salmela, aseme amefanya kama Marlys. Nitaitika."

Elwood, ambaye tangu Jumanne hajapaza sauti hata mara moja, anainuka kumjazia Janine kikombe. Macho yako kwa Marlys, mkono uko kwingine. Kahawa inafurika, inamwagika mezani, inaulowesha mkate wa iliki.

"Loo! Nimefanya kama..." Anasita. Uso mzima unamwiva.

"Malizia," Marlys anamwambia.

Elwood anaweka birika mezani. "Kama Marlys."

"Haya," anasema Marlys, anasogeza kikombe chake. "Na mimi nimiminie."